Mitihani Mitatu Kati ya Harusi na Uraia: Jinsi ya Kumsaidia Mwenzi Anayehamia Ujerumani

Familia nyingi za Afrika Mashariki ambazo mmoja wao anaishi Ujerumani huzungumzia mtihani wa Kijerumani kana kwamba ni mmoja tu. Kwa kweli ipo mitihani mitatu, na kila mmoja huja kwa wakati wake, hupima jambo lake na huleta hasara yake mtu akishindwa. Wa kwanza hufanyika nyumbani, Dar es Salaam au Nairobi, kabla ya kuomba viza ya kuungana na familia, nao ni wa ngazi ya A1, yaani ya chini kabisa ya lugha. Wa pili hufanyika Ujerumani baada ya kozi ndefu ya lugha, na shabaha yake ni B1, ngazi ya kati inayokuja baada ya A2. Wa tatu si mtihani wa lugha, ingawa umeandikwa kwa Kijerumani: ni maswali ya sheria, historia na maisha ya nchi, unaitwa Leben in Deutschland, na ndio unaohitajika kwa uraia. Makala haya yanaitenganisha mitihani hiyo, na yanamlenga zaidi yule mwenzi aliyekwisha kufika Ujerumani, kwa kuwa ndiye anayelipa ada, ndiye anayeulizwa kila kitu kwa simu, na mara nyingi ndiye anayesaidia kwa bidii kubwa mahali pasipohitaji bidii yake.

Sharti la A1 liliingia katika sheria ya ukaazi ya Ujerumani mwezi Agosti 2007. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuzuia ndoa za kulazimishwa, na kumwezesha mgeni aanze maisha akiwa na maneno ya kutosha kujieleza dukani, njiani na ofisini. Kama cheti cha Kijerumani kimewahi kumwokoa msichana yeyote na ndoa asiyoitaka, hilo ni jambo ambalo watu wanabishana juu yake hadi leo. Lisilo na ubishi ni kwamba sharti lenyewe haliwagusi watu wote kwa usawa. Raia wa Marekani, Kanada, Japani, Israeli, Australia, New Zealand na Korea Kusini wamesamehewa. Wenzi wa wataalamu wenye kadi ya bluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali chao cha ukaazi na kazi, wamesamehewa pia. Ajabu kubwa zaidi iko kwa raia wa Ulaya wenyewe: mwanamke wa Tanga aliyeolewa na Mjerumani anayeishi Berlin lazima awe na cheti, lakini dada yake aliyeolewa na Mfaransa anayefanya kazi mtaa uleule wa Berlin hadaiwi cheti hicho, kwa sababu Mfaransa huyo yuko pale kwa haki ya raia wa Umoja wa Ulaya ya kuishi katika nchi nyingine ya Umoja, na haki hiyo humfunika mkewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu chochote, aliyeko Ujerumani achukue kibali chake cha ukaazi asome kimetolewa chini ya kifungu gani cha sheria, maana kifungu kimeandikwa kwenye kadi yenyewe, kisha alinganishe na orodha ya misamaha iliyo kwenye tovuti ya ubalozi. Wapo watu wanaosoma miezi mingi kwa ajili ya mtihani ambao kisheria hawakudaiwa. Wapo pia, na hawa ndio wengi, wanaojipa moyo kwamba watasamehewa kwa sababu ndoa yao ni ya kweli na wana mtoto tayari. Ukweli wa ndoa huchunguzwa kivyake, na cheti hudaiwa kivyake.

Upo mlango mwembamba kwa wale ambao hawawezi kabisa. Mgonjwa au mwenye ulemavu unaomzuia kujifunza husamehewa kwa ushahidi wa daktari. Zaidi ya hapo, mwezi Septemba 2012 Mahakama Kuu ya Utawala ya Ujerumani iliamua kwamba mwenzi wa raia wa Ujerumani asifungiwe nje daima kwa sababu ya lugha: ikiwa amejitahidi kwa mwaka mzima bila kufaulu, au ikiwa mazingira ya nchi yake hayamruhusu hata kujaribu kwa njia inayostahili, viza isikataliwe kwa sababu hiyo pekee. Lakini juhudi hizo huthibitishwa kwa karatasi. Risiti za ada ya kozi, barua za mwalimu, matokeo ya mitihani aliyoshindwa na ushahidi wa umbali hadi kituo cha mtihani ndivyo vinavyohesabika. Anayeishi Dar es Salaam, karibu na taasisi inayofundisha Kijerumani, atapata taabu kumshawishi afisa kwamba hakuweza kujaribu. Anayeishi kijijini mashariki mwa Kongo ana hoja nzito zaidi, ilimradi aiandike.

Sasa tuutazame mtihani wenyewe wa A1 kwa karibu, kwa kuwa hapa ndipo msaada wa mwenzi huzaa matunda au hupotea bure. Vyeti vinavyokubaliwa ni vya taasisi chache zinazotambulika, na kwa watu wa Afrika Mashariki kinachojulikana zaidi ni cha Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, ambayo ina ofisi Nairobi na Dar es Salaam. Cheti cha kuhudhuria kozi, hata kiwe na mhuri mzuri namna gani, hakichukui nafasi ya cheti cha mtihani. Kwa upande mwingine, si lazima mtu asome katika taasisi hiyo ili afanye mtihani wake. Anaweza kusoma kwingine, au na mwalimu wa nyumbani, kisha akajiandikisha kama mtahiniwa wa nje. Goethe-Institut hukadiria kwamba kufika A1 huchukua vipindi 80 hadi 200 vya dakika 45, kutegemea mtu na lugha alizokwisha kuzijua. Anayesoma vipindi 10 kwa wiki akihitaji vipindi 160, hiyo ni takribani miezi minne, na ni vyema familia ipange tarehe za viza kwa hesabu ya namna hiyo, isitegemee ahadi za mtandaoni za kujua Kijerumani kwa wiki tatu.

Mtihani una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Jumla ni alama 100, na anayepata 60 amefaulu. Alama huunganishwa pamoja, kwa hiyo aliye dhaifu katika kusikiliza anaweza kujikomboa katika kuzungumza. Lakini anayeshindwa hurudia mtihani mzima, kwa sababu katika ngazi hii sehemu haziuzwi mojamoja. Msamiati unaotarajiwa ni wa maneno yapatayo 650, na orodha yake imewekwa wazi mtandaoni pamoja na mitihani ya mfano. Hili ni jambo ambalo wenzi wengi walioko Ujerumani hawalifahamu. Wao hufundisha Kijerumani wanachokisikia kazini na kwenye treni, chenye mikato na maneno ya mitaani, ilhali mtihani unadai maneno 650 yaliyoandikwa kwenye orodha, yakitumika kwa kazi chache zinazojirudia.

Katika kusikiliza, vinavyowaangusha watu ni namba, bei, saa na herufi. Matangazo ya kituo cha treni au dukani husikika mara moja tu, ilhali mazungumzo mafupi na ujumbe wa simu hurudiwa mara mbili. Mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake hapa, na mwalimu wa Kijerumani asiyejua Kiswahili hawezi kuuona. Sisi huanza kuhesabu saa alfajiri na jioni, kwa hiyo saa inayoonyesha nane asubuhi kwetu ni saa mbili. Mwanafunzi anaposikia halb acht, hulisikia acht, analigeuza kuwa saa mbili, kisha anaongeza nusu na kuandika saa mbili na nusu. Lakini Wajerumani huhesabu nusu ya kuiendea saa inayotajwa. Halb acht ni nusu saa kabla ya nane, yaani saa moja na nusu kwa hesabu yetu. Akili inapaswa kufanya mageuzi mawili ndani ya sekunde moja, na huku tangazo la pili limekwisha kuanza. Dawa yake ni kuacha kabisa kutafsiri saa kwa muda wa maandalizi: simu ya mkononi iwekwe katika mpangilio wa saa 24, na mwenzi aliyeko Ujerumani atume kila siku ujumbe mfupi wa sauti kwa WhatsApp, wenye saa moja, bei moja na namba moja ya simu, na mwanafunzi ajibu kwa kuandika tarakimu peke yake. Namba za Kijerumani hutanguliza mamoja kabla ya makumi, kwa hiyo 47 husomwa saba na arobaini, na mkono uliozoea kuandika kutoka kushoto huandika 74. Hilo halitibiwi kwa maelezo bali kwa kurudia.

Herufi nazo zina kisa chao. Katika kujitambulisha, mtahiniwa huombwa ataje jina lake herufi kwa herufi. Waliosoma kwa Kiingereza, hasa Kenya na Uganda, hutaja herufi kwa majina ya Kiingereza bila kujitambua, na hapo ndipo jina Neema linapoandikwa na msikilizaji wa Kijerumani kitu kama Niime, kwa sababu jina la Kiingereza la E ndilo jina la Kijerumani la I, na jina la Kiingereza la A husikika karibu sawa na la Kijerumani la E. Hapa Kiswahili ni neema hasa: vokali tano za Kijerumani, a, e, i, o na u, hutajwa karibu kama tunavyozitaja darasa la kwanza. Anayefundishwa asahau Kiingereza kwa dakika hizo na arudi kwenye silabi za shule ya msingi. Kitakachobaki kujifunza ni herufi chache kama V, W, J, Y na Z. Watu wa pwani wana faida nyingine ndogo, kwani mlio wa kh waliouzoea katika maneno ya asili ya Kiarabu unawafikisha kwenye neno acht bila taabu. Mlio wa ü ndio utakaomtesa kila mtu.

Sehemu ya kuandika ina kazi mbili. Ya kwanza ni kujaza taarifa tano zinazokosekana kwenye fomu, na ya pili ni barua fupi ya maneno yapatayo 30 yenye mambo matatu yaliyoagizwa. Tuseme swali linamtaka mwanafunzi amwandikie rafiki kwamba hawezi kuja Jumamosi, apendekeze siku nyingine, na aulize alete nini. Jibu lifuatalo linatosha: Liebe Anna, leider kann ich am Samstag nicht kommen. Ich muss arbeiten. Hast du am Sonntag Zeit? Ich kann um vier Uhr kommen. Was soll ich mitbringen? Viele Grüße, Neema. Halina uzuri wowote, na halihitaji kuwa nao. Lina salamu, lina mambo yote matatu, lina kuagana. Alama nyingi ziko kwenye yale mambo matatu, na aliyesahau moja hupoteza kuliko aliyekosea kiambishi cha kitenzi katika yote. Mume aliyeishi Hamburg miaka kumi akiisoma barua hiyo hushikwa na hamu ya kuipamba, akaongeza sentensi ndefu yenye kitenzi kinachokwenda mwisho, na mkewe akiwa ndani ya chumba cha mtihani hukumbuka nusu ya pambo hilo na kusahau swali la tatu. Kazi ya msaidizi ni kuhakikisha barua kumi za aina hiyo zimeandikwa kwa mkono, kwa dakika zisizozidi kumi na tano kila moja, na kuhesabu mambo matatu kwa kidole.

Kuzungumza hufanyika katika kikundi kidogo cha watahiniwa. Kila mmoja hujitambulisha: jina, umri, nchi, mahali anapoishi, lugha, kazi na jambo analolipenda. Kisha huchukua kadi zenye mada na neno, na kumuuliza mwenzake swali linalohusu neno hilo. Kadi yenye neno mkate chini ya mada ya chakula huzaa swali kama Essen Sie gern Brot? Mwishoni huja kadi za kuomba jambo na kujibu ombi. Mazoezi haya hufanyika vizuri sana kwa simu ya video, ikiwa msaidizi atajizuia. Akate karatasi, aandike maneno, amwonyeshe mwenzi wake kadi moja, angoje. Asimalizie sentensi. Kimya cha sekunde kumi kinauma mtu anapompenda aliye upande wa pili, lakini chumba cha mtihani nacho kina kimya hicho, na hakuna mpenzi wa kumalizia.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka ngazi hii. Utambulisho uliokaririwa kama dua ya shuleni unaweza kumvusha mtu katika mtihani, lakini afisa wa viza naye anaweza kuuliza swali jepesi kwa Kijerumani wakati wa mahojiano, na akiona mwombaji haelewi hata jina lake linapoulizwa kwa namna nyingine, atakitilia shaka cheti kizima. Kwa wale wanaoshawishiwa kununua cheti, ifahamike kwamba cheti cha taasisi zinazotambulika huhakikiwa kwa namba yake, na udanganyifu mbele ya ubalozi huharibu maombi ya miaka ijayo, si ya siku hiyo tu.

Mwenzi akishafika Ujerumani, mtihani wa pili huanza kumsubiri. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo ina kozi ya utangamano, Integrationskurs, ambayo kwa kawaida ina vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya maarifa kuhusu nchi. Ofisi ya wageni inaweza kumwagiza mtu ahudhurie, na kwa aliyekuja na A1 pekee agizo hilo ni la kawaida. Sehemu ya lugha huishia kwenye mtihani uitwao Deutsch-Test für Zuwanderer, ambao hutoa matokeo ya A2 au B1 kutokana na karatasi ileile. Hesabu yake ni muhimu kuijua. Kuna maeneo matatu yanayosahihishwa: kusikiliza pamoja na kusoma, kuandika, na kuzungumza. Ili mtu apewe B1 kwa jumla, lazima afike B1 katika kuzungumza, na katika angalau moja ya maeneo mawili yaliyobaki. Katika kusikiliza na kusoma kuna maswali 45, na B1 huanzia majibu sahihi 33.

Maana yake ni kwamba mtu anayesoma kitabu vizuri, anayejua sarufi kuliko mumewe, lakini hafungui mdomo, atatoka na A2. Na hapa lazima niseme wazi, kwa sababu nimeona watu wakikwepa kulisema: mara nyingi anayemfunga mdomo ni mwenzi wake mwenyewe, tena kwa wema. Nyumbani wanaongea Kiswahili, jambo ambalo ni jema na watoto wanalihitaji. Lakini kwa daktari mume ndiye anayeeleza maumivu ya mkewe. Kwenye ofisi ya wageni yeye ndiye anayejibu. Barua za shule anazisoma yeye na kutoa muhtasari. Miaka miwili hupita, na mke ana Kijerumani cha darasani tu, kile cha kujaza mapengo. Mke anayemleta mumewe kutoka Mombasa hufanya vivyo hivyo, pengine kwa haraka zaidi kwa sababu ana zamu ya kuwahi. Msaada wenye faida ni kumwacha mwenzi apige simu mwenyewe kuomba miadi ya daktari wa meno, msaidizi akiwa kando na kalamu, amwandikie neno moja pale tu anapokwama. Sehemu ya tatu ya mtihani wa kuzungumza ni kupanga jambo pamoja na mtahiniwa mwingine, kama sherehe ya kumuaga mwenzao kazini: nani alete nini, lini, wapi. Anayezoea kupanga mambo kwa Kijerumani na jirani au na mzazi mwenzake wa chekechea ameshaufanya mtihani huo mara nyingi kabla ya siku yenyewe.

Mtihani wa tatu ndio rahisi zaidi kuandaliwa na ndio unaoogopwa zaidi, kwa sababu watu husikia kwamba ni wa uraia na kudhani wataulizwa falsafa. Una maswali 33, dakika 60, na kila swali lina majibu manne ambayo moja tu ni sahihi. Ada yake ni euro 25. Maswali yote yanayoweza kutokea yamechapishwa na ofisi ya shirikisho ya uhamiaji: 300 ni ya nchi nzima na 10 ni ya kila jimbo kati ya majimbo 16. Karatasi ya mtahiniwa huwa na 30 kutoka kundi la kwanza na 3 za jimbo anamoishi, kwa hiyo anayeishi Köln hana haja ya kujua rangi za bendera ya Bavaria, na aliyehama jimbo katikati ya maandalizi abadilishe kurasa hizo kumi. Mwaka 2024 katalogi hiyo, yaani orodha ya maswali yote, iliongezewa maswali kuhusu maisha ya Wayahudi na taifa la Israeli, na hivyo kitabu cha zamani kilichorithiwa kwa rafiki kinaweza kuwa na upungufu.

Kuna alama mbili za kufaulu, na hapa familia nyingi huchanganyikiwa. Majibu sahihi 15 yanatosha kufaulu sehemu ya maarifa kuhusu nchi katika kozi ya utangamano, ambayo huishia kwenye mtihani huu. Kwa uraia yanahitajika 17. Aliyepata 16 atapongezwa darasani, kisha miaka mitatu baadaye ataambiwa kwenye ofisi ya uraia kwamba karatasi yake haitoshi. Lengo liwe juu ya 17 tangu mwanzo, na kwa kweli anayesoma katalogi kwa mwezi mmoja kwa utulivu hupata zaidi ya 28.

Namna ya kusoma inategemea kilicho kigumu kwa mtu huyo. Kwa wengi, ugumu hauko kwenye maarifa bali kwenye maneno. Swali la kwanza la katalogi linauliza kwa nini watu nchini Ujerumani wanaweza kusema wazi jambo dhidi ya serikali, na majibu yanayotolewa ni uhuru wa dini, kulipa kodi, haki ya kupiga kura na uhuru wa maoni. Mtu yeyote wa Zanzibar au Goma anajua jibu akilielewa swali. Asipolitambua neno Meinungsfreiheit, yaani uhuru wa maoni, anabahatisha. Kwa hiyo ninashauri maswali yasomwe kwanza kwa Kiswahili kinywani, mume na mke wakijadiliana, ndipo warudi kwenye Kijerumani na kuliandika neno gumu moja la kila swali. Maneno hayo hayazidi mia chache na yanajirudia: katiba, bunge, chama, upinzani, mahakama, wajibu, kodi, bima. Kundi la historia hudai tarehe chache tu ambazo hazina njia ya mkato: katiba ya 1949, ukuta wa Berlin uliojengwa 1961 na kufunguliwa 1989, muungano wa tarehe 3 Oktoba 1990. Kundi la maisha ya kila siku ndilo lenye thamani nje ya chumba cha mtihani. Mojawapo linaeleza mtu mweusi anayeomba kazi ya uhudumu katika mgahawa, na kuuliza ni lipi kati ya yafuatayo ni ubaguzi. Jibu ni kwamba hakupewa kazi hiyo kwa sababu ya rangi yake peke yake. Ningependa kila mwenzi anayehamia alijue swali hilo vizuri, na ajue pia kwamba sheria iko upande wake, hata kama hatafanya mtihani kamwe.

Baada ya mitihani hiyo ndipo suala la uraia linapokuja, na hapa majira si yaleyale kwa wote. Mwenzi wa raia wa Ujerumani anaweza kuomba uraia baada ya kuishi nchini miaka mitatu kihalali, ndoa ikiwa imedumu angalau miaka miwili. Mwenzi wa mgeni mwenye kibali, kwa mfano muuguzi Mkenya aliyemleta mumewe, hufuata njia ya kawaida ya miaka mitano, iliyopunguzwa kutoka minane kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2024. Wote wawili huhitaji B1 na mtihani wa maarifa, isipokuwa aliyemaliza shule ya Ujerumani na kupata cheti chake, ambaye husamehewa mtihani huo. Ada ya uraia kwa mtu mzima ni euro 255.

Sheria hiyohiyo ya 2024 iliondoa sharti la kukana uraia wa zamani, na hapo ndipo njia za majirani wa Afrika Mashariki zinapoachana. Mkenya anabaki Mkenya, kwa kuwa katiba ya 2010 inamruhusu, ingawa sheria ya 2011 humtaka aijulishe serikali yake ndani ya miezi mitatu. Mganda naye ana njia ya uraia pacha. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari yake anapoteza ule wa kuzaliwa, na Mkongomani anakutana na katiba inayosema uraia wa nchi yake ni mmoja usiochanganywa na mwingine. Kwa hiyo mwenzi anayetoka Dar es Salaam hufikia kwenye njia panda ambayo mwenzake wa Nairobi haijui: achukue pasipoti ya Ujerumani na kuomba viza ya kwenda kumzika mama yake, au abaki na kibali cha ukaazi wa kudumu.

Kibali hicho kina masharti yake ya mitihani, na hayafanani kwa wote. Mwenzi wa raia wa Ujerumani anaweza kukiomba baada ya miaka mitatu ya kibali cha kawaida, ndoa ikiendelea, na kwa upande wa mitihani anadaiwa B1. Wengine, katika njia ya kawaida ya miaka mitano, huongezewa mtihani wa maarifa kuhusu nchi juu ya ule wa lugha. Mtanzania aliyeolewa na Mjerumani na asiyetaka kuacha uraia wake angeweza basi kukipata kibali hicho bila mtihani wa tatu. Bado ni afadhali aufanye kozi inapomalizika, maneno yakiwa bado kichwani. Mjadala wa uraia pacha haujafungwa nyumbani, watoto hukua na mipango hubadilika, na karatasi ya majibu 17 haiozi kwenye faili.